Kura Zilizoteleza

Mfereji wa Juu unachukua maji mlimani, kwenye ukingo wa msitu, na kuyashusha hadi kwenye mashamba ya watu mia mbili na kumi na mbili wa Akheri. Diwani akiwa huyu au yule, hilo halimnyimi mtu usingizi. Mwenyekiti wa mfereji ni habari nyingine. Yeye ndiye anayepanga zamu, na zamu ikikupita mwezi wa tisa, maharage yako yanakauka huku unayaangalia.

Ndiyo maana uchaguzi wa miaka mitatu nyuma uliacha uchungu. Karatasi zilihesabiwa mara tatu na kila mara zikatoa idadi yake. Mara ya nne mtu mmoja akakalia ndoo ya kura, akakataa kunyanyuka. Kwa mwaka mzima kulikuwa na watu waliokaa benchi moja kanisani bila kupeana mkono.

Kwa hiyo Naserian aliposimama mkutanoni na kusema anaweza kuwatengenezea mashine ya kupigia kura, watu walimsikiliza. Alikuwa amemaliza shahada ya kompyuta miezi minane kabla, ajira bado, na programu aliiandika sebuleni kwao kwa wiki sita huku bibi yake akimenya ndizi pembeni. Vishikwambi viwili aliazima kwa mwalimu wake wa chuo. Kwenye kioo zilionekana picha mbili, moja kushoto na nyingine kulia. Unagusa picha ya mtu wako, neno "Asante" linatokea, basi umemaliza.

Wagombea walikuwa Anjela, mkunga mstaafu wa zahanati, na Aminiel, baba yake Naserian.

"Hapo ndipo mimi nasimama kidogo," alisema Mzee Abdiel, katibu wa mfereji, mtu aliyependa kila jambo liandikwe. "Mashine imetengenezwa na mtoto wa mgombea. Nalisema mapema lisije likasemwa baadaye njiani."

Kabla Naserian hajajibu, Anjela alinyanyuka. "Huyu mtoto nilimpokea kwa mikono hii. Alikuja duniani miguu ikiwa imetangulia, akanitoa jasho tangu asubuhi. Kama simwamini yeye, nitamwamini nani? Andika hivyo, katibu."

Watu wakacheka, na Abdiel akaandika. Aminiel, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliomba jambo moja tu: picha ya Mama Anjela itangulie, iwe upande wa kushoto. "Ni mkubwa kwangu," alisema.

Mzee Lerionka, aliyekuwa na shamba na ng'ombe kule mkiani mwa mfereji, ndiye pekee aliyeendelea kuuliza. "Mjukuu wangu, mimi nikishabonyeza hapo, kura yangu inakwenda wapi?"

"Inahifadhiwa ndani, babu."

"Nitaionaje?"

"Huwezi kuiona. Hata mimi siwezi. Mashine inahesabu tu, haikumbuki nani alimchagua nani. Ndiyo siri yenyewe."

"Sawa. Lakini mimi ng'ombe wangu nikimpeleka achungwe kwa mtu, huwa naenda kumwona."

"Mashine haina ndugu humu ndani, babu," alisema Naserian, na vijana wakapiga makofi. Lucky, dereva wa bodaboda ambaye hakuacha mkutano upite bila yeye kusikika, akaongeza kutoka nyuma: "Wala haina shamba, kwa hiyo haiibi maji." Mzee Lerionka akakaa, bado anatikisa kichwa polepole.

Aminiel alikuwa akigombea kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alipata kura thelathini na moja, mara ya pili hamsini na mbili. Alitaka kiti hicho kwa sababu moja ambayo alikuwa ameieleza nyumbani hadi Naserian akaijua kwa moyo: watu wa mkiani, wengi wao wajane, walipewa maji alfajiri, tena yakiwa yameshavuja nusu njiani, naye alitaka zamu zizunguke ili kila mtu apate mchana wake. Alikuwa amezichora kwenye daftari la zamani la shule la Naserian, nyumba moja moja, kwa rula.

Siku ya uchaguzi, Jumamosi, mambo yalikwenda vizuri hata watu wakashangaa. Abdiel aliangalia vishikwambi mbele ya wote, vikaonyesha sifuri na sifuri. Watu mia mbili na watatu walipita nyuma ya pazia mmoja mmoja. Hadi saa saba kila kitu kilikuwa kimekwisha, na Naserian akasoma: Anjela kura tisini, Aminiel kura mia moja na kumi na tatu.

Aminiel alivua kofia, akaishika kifuani. Anjela ndiye aliyekwenda kumshika mkono na kuuinua juu. "Mashine imesema," aliwaambia watu. "Tumpe nafasi."

"Mbona kina mama wote nilikuwa nawasikia wakisema Mama Anjela?" Lucky aliuliza huku akicheka. "Kumbe mnajua kutunza siri hivyo, mnasengenya vingine tu."

Kina mama wazee walitazamana. Mmoja akasema labda waliomchagua Aminiel ni wale wa juu ya mfereji. Mwingine akasema haya, na wakaondoka.

Siku zilizofuata Naserian alimwona baba yake akiwa mtu mwingine. Makabidhiano yalipangwa Jumamosi iliyofuata, lakini Jumapili tu baada ya ibada alishavaa mabuti na kwenda kutembea mfereji mzima, kutoka banio, mahali maji yanapoingia mferejini, hadi mkiani, akihesabu mahali panapovuja. Walimwita mwenyekiti barabarani naye akawa anaitika kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepewa kitu ambacho bado hajaamini ni chake. Naserian naye alipigiwa simu kutoka Usa River. Chama kimoja cha wafanyakazi wa mashamba ya maua kilikuwa kimesikia habari ya mashine. Alilala akiwa na matumaini mengi.

Jumanne Mzee Abdiel alikuja na kitabu cha muhtasari ili wanachama wasaini. Bibi yake Naserian, mama mzazi wa Aminiel, alikuwa mwanachama kwa shamba lake la ndizi. Abdiel alifungua kidau cha wino, akamwonyesha mstari.

Naserian alikuwa akipakua loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando. Aliona mkono wa bibi ukitua kwenye karatasi. Gumba lilianza kwa ukingo wake wa kushoto, likakandamizwa, halafu likabingirishwa taratibu, bila haraka, mpaka ukingo wa kulia, ndipo likainuliwa. Alama ikabaki pana na kamili. Bibi akaiangalia kwa kuridhika.

"Hiyo ndiyo sahihi," alisema Abdiel. "Vijana wanachovya tu, inatoka nusu."

"Sisi tulifundishwa na karani wa kahawa," bibi alijibu. "Ukichovya alikuwa anakurudisha. Anakwambia hili ni doa, siyo dole."

Naserian aliweka upawa chini. Alisubiri Abdiel aondoke, akaketi karibu na bibi.

"Bibi, siku ile kwenye kishikwambi, ulibonyeza namna gani?"

"Namna gani tena? Kwa dole gumba, kama watu."

"Ukalibingirisha?"

"Ningefanyaje? Ile si ndiyo sahihi yangu?"

Naserian akakileta kishikwambi, akafungua ukurasa wa majaribio, akamwomba apige kura tena vilevile. Bibi alifuta wino kwenye khanga, akaweka gumba juu ya picha ya Anjela, akalikandamiza, akalibingirisha. Lilipofika ukingo wa kulia lilikuwa limeshaingia kwenye picha ya Aminiel. Akainua. "Asante," kioo kikasema.

"Umeona," alisema bibi. "Halina shida."

"Bibi, kumbe siku ile ulimtaka Mama Anjela."

Bibi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Kura ni siri." Kisha akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Baba yako nimemzaa mimi, namjua. Ana goti bovu na hasikii akiambiwa apumzike. Akipewa mfereji atalala huko huko. Mimi nilitaka alale nyumbani. Sasa wenzangu wamempa, nifanye nini? Usimwambie."

Kosa Naserian alilijua mara moja, kwa sababu alikuwa ameliandika kwa mkono wake na tena kwa nia njema. Programu haikuchukua mahali kidole kilipogusa. Ilichukua mahali kilipoinuka. Alifanya hivyo akiwafikiria wazee: mtu akigusa picha isiyo yake, asiogope, atelezeshe kidole hadi kwa mtu wake halafu ndipo aachie. Kulikuwa na ukurasa wa pili wa kuuliza "Una uhakika?", akauondoa, kwa kuwa mama mmoja alipoujaribu aliona kama kura yake imekataliwa, akahuzunika. Majaribio mengine yote aliyafanya na vijana wa kwaya, na vijana wa kwaya wanagusa simu kama kuku anavyodonoa.

Jumatano alizunguka kwa wazee saba wanaosaini kwa dole, akisema anajaribu tu programu. Aliwaomba wachague picha ya kushoto. Sita walimchagua wa kulia, na wote sita waliondoa gumba wakiwa na uhakika wamefanya walichoambiwa.

Kwenye kitabu cha wanachama kulikuwa na madole arobaini na moja. Tofauti ya kura ilikuwa ishirini na tatu. Wangapi kati ya wale arobaini na moja walikuwa wamemtaka Anjela? Alikaa mbele ya kishikwambi akitafuta njia ya kujua, na njia haikuwepo. Alikuwa ameifunga mwenyewe. Hakuna karatasi, hakuna alama, kulikuwa na namba mbili tu zikimtazama. Hakuweza kuthibitisha kwamba baba yake ameshinda, wala kwamba ameshindwa.

Jioni hiyo Aminiel alirudi na matope hadi magotini. Alikula akieleza jinsi wajane watatu wa kule chini walivyomsindikiza kumwonyesha bomba lililopasuka. "Mmoja ameniuliza kama ni kweli atapata maji mchana," alisema. "Nikamwambia subiri Jumamosi." Naserian alimwongezea mboga. Alijiambia kwamba mpango wa baba ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote. Alijiambia pia kwamba hakuna aliyelalamika. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado alipokwenda kulala alilala vibaya.

Alhamisi asubuhi alimfuata baba yake kwenye banio. Aminiel alikuwa ameinama akitoa majani kwa mikono. Maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba vidole vyake vilikuwa vimepauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia au kuniita chai?"

"Nimekuja kukuambia kitu. Naomba ukae."

Alikaa juu ya jiwe, goti limenyooshwa. Naserian akamweleza habari ya madole ya wale wazee saba, na namna programu ilivyofanya kazi. Alikuwa amekuja na kishikwambi akamwonyesha kwa gumba lake mwenyewe. Aminiel alitazama mara moja, akamrudishia.

Maji yakaendelea kupita. Majani mapya yalikuja yakajikusanya, naye hakuyatoa.

"Umejua lini?" aliuliza mwishowe.

"Jumanne."

"Leo Alhamisi. Siku mbili unanipakulia chakula, unaniita mwenyekiti."

"Sikukuita mwenyekiti, baba."

Alifikiri. "Ni kweli, hukuniita. Nikadhani unaona haya." Alifuta mikono kwenye suruali. "Na bibi yako? Yeye alinichagua?"

"Kura ni siri, baba."

Aminiel alimtazama binti yake, na kona moja ya mdomo ikacheza kidogo. "Basi nimeshajua." Halafu uso ukarudi ulivyokuwa. "Nimewaambia wale wajane Jumamosi."

"Najua."

"Umenifurahisha siku tano, Naserian. Sijui kama unaelewa. Mtu akigombea akashindwa, akagombea tena akashindwa, anaanza kusikia watu wanacheka hata wasipocheka."

Naserian alianza kulia bila sauti. Baba yake hakumwambia anyamaze. Aliinama akaendelea kutoa majani, lakini kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine alikuwa ameuweka juu ya bega la mtoto wake, ukiwa umelowa na baridi.

"Kura zingekuwa zimeteleza kutoka kwangu kwenda kwa Mama Anjela," aliuliza, "ungeniambia?"

"Ningekuja nikikimbia."

"Haya." Akanyanyuka, akanyoosha goti kwa shida. "Basi twende tukamwambie na yeye. Siyo vizuri alisikie kwa Lucky."

Anjela aliwakuta wamekaa barazani kwake. Alikuwa ametoka kuchuma parachichi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama na kikapu kichwani. Kisha akakishusha.

"Nilishaanza kuzoea kupumzika," alisema. "Jana nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu nistaafu."

"Tunakuomba radhi, mama," alisema Aminiel.

"Wewe radhi ya nini? Ulinitanguliza kwa heshima." Akamgeukia Naserian. "Wewe sasa. Jumamosi utasimama useme mwenyewe. Baba yako asikusemee. Ukimwachia yeye, watu watasema mzee ameogopa. Ukisema wewe, watakutukana kidogo, halafu itaisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi watu walikuja kushuhudia makabidhiano, na badala yake wakamwona msichana amesimama mbele, mikono imeshikana. Alisema kosa ni lake, akasema lilivyotokea, akaomba uchaguzi ufutwe. Minong'ono ikapanda. Mtu mmoja akasema kwa nguvu kwamba huyu aliiba kura kwa ajili ya baba yake, dhamiri ikamkamata. Mwingine akataka kujua kama kuna wakili. Mama mmoja mzee alitazama gumba lake, akalifunika kwa kiganja.

"Siyo kosa la madole yenu," Naserian aliwaambia. "Mlisaini kama mlivyofundishwa. Mimi ndiye sikuwauliza mnasaini vipi. Na babu Lerionka aliniuliza kura yake ataionaje, nikamjibu kwa utani. Nilitakiwa nimjibu kwa kazi."

Mzee Lerionka alinyanyuka. "Kwa hiyo ng'ombe hakuibiwa. Aliingia zizi la jirani."

"Ndiyo, babu."

"Hilo linatokea," alisema, akakaa. Watu wakacheka, na hewa ikapungua ukali.

Walibishana zaidi ya saa moja. Wapo waliotaka mashine itupwe, wapo waliokumbusha ile ndoo iliyokaliwa. Mwisho wakakubaliana uchaguzi urudiwe, mashine ibaki lakini isiachiwe peke yake. Picha zitenganishwe, moja juu na nyingine chini. Kila mtu akishachagua, kitoke kikaratasi chenye picha ya mtu wake, akitazame kwa macho yake, akikunje na kukitumbukiza ndooni. Jioni hesabu ya kishikwambi na ya ndoo zisomwe mbele ya wote, na zisipolingana, vikaratasi ndivyo vifuatwe. Abdiel aliandika kila neno. Kabla ya uchaguzi mpya Naserian alipita nyumba zote arobaini na moja, akakaa na kila mzee mpaka akaona dole lake linabingirika na kura inabaki pale pale.

Baada ya wiki mbili walipiga kura upya. Walikuja mia mbili na saba. Naserian alizunguka mji mzima kabla ya kupata kimashine cha kuchapisha, vile vinavyotoa risiti dukani, na siku hiyo kililia kwa kila mwanachama kama panya. Watu walikuwa wakitoka nyuma ya pazia wameshika vikaratasi vyao kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai. Kishikwambi na ndoo vililingana: Anjela mia moja na kumi na moja, Aminiel tisini na sita.

Safari hii Aminiel ndiye aliyekwenda kuinua mkono wa mwenzake. Naserian alimwangalia akipiga makofi, akaona anapiga vizuri, wala hajilazimishi sana, lakini hakuweza kujua zaidi ya hapo.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wawili, kupitia njia ya kati ya migomba. Baba alitangulia.

"Nimepata ngapi?" aliuliza bila kugeuka, ingawa zilikuwa zimesomwa mara mbili.

"Tisini na sita, baba."

"Ulikuwepo zilipohesabiwa?"

"Nilikuwepo. Mzee Lerionka alikuwa anazishika moja moja, anaitazama picha, ndipo anampa katibu."

"Kwa hiyo ni zangu."

"Zote ni zako."

Aminiel alisimama, akamsubiri binti yake amfikie ili watembee sambamba. "Tisini na sita," alisema polepole, kama anayejaribu jina la mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo. Walitembea kidogo. "Kesho nikiamka nitampelekea Mama Anjela lile daftari la zamu. Huwezi kujua, anaweza akaliangalia."

"Nikusindikize?"

"Nisindikize," alisema. "Wewe unasoma maandishi yangu vizuri kuliko mimi."